Kengele ya Migongo

Wiki yangu ya kwanza kufagia wodi ya wanawake nilimuumiza mgonjwa, na nilimuumiza kwa usafi.

Kazi ile nilitafutiwa na shangazi, ambaye alikuwa mfuaji wa hospitali tangu mimi sijazaliwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na shule kwangu ikawa imeishia hapo. Shangazi akanishika mkono hadi kwa Sista Mkubwa, akasema, "Sista, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Hasemi sana, lakini akiangalia kitu anakiangalia kweli." Sista Mkubwa akanitazama viatu, kisha mikono, kisha uso, kwa mpangilio huohuo. Akasema nianze kesho na nikate kucha.

Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba wodi nzima ilikuwa imejifunza kunyamaza ili imsikie. Masista walikuwa wamebaki wanne tu siku hizo. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wodi.

Wodi yenyewe ilikuwa na vitanda ishirini na viwili, kumi na kimoja kila upande, vichwa ukutani. Mwisho mmoja wa chumba palikuwa na dirisha kubwa, mwisho wa pili mlango. Na miguuni pa kila kitanda, kwenye chuma, kulikuwa na kipande cha mti chenye pande nne, ukubwa wa mche wa sabuni ya kufulia, kimepitishwa waya katikati ili kizunguke. Kila upande ulichongwa picha kwa kisu: dirisha, dari, mlango, kiti. Kwa ukubwa ule, watu wote waliviita sabuni. Vilikuwa vyeusi kwa kushikwashikwa. Saba kati yake vilikuwa na kitambaa cheupe kilichobanwa kwa pini upande mmoja, na vitambaa vyenyewe vilikuwa vimeshakuwa rangi ya chai.

Mimi nikaona uchafu. Siku ya nne, wauguzi wakiwa wamezunguka na daktari, nikavichomoa vyote nikavisugua kwa brashi. Vitambaa nikavifua, nikavianika, nikavinyoosha kwa kiganja. Nikavirudisha vyote kwa ustadi mkubwa: kila sabuni ikitazama upande mmoja, na kila kitambaa kimebanwa kwenye picha ya dirisha, ili mtu akiingia mlangoni aone mstari ulionyooka. Nilisimama kidogo nikaviangalia. Nilijipenda.

Saa nne kengele ikalia. Kengele ile ilikuwa ya kanisa dogo la masista, nyuma ya jiko, na ilipigwa na mlinzi wa geti kila baada ya saa mbili tangu alfajiri hadi jioni. Wauguzi waliposikia waliacha walichoshika, wakaanza kupita kitanda hadi kitanda wakiwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Walikuwa hawaulizani. Walitazama sabuni, wakageuza mtu, wakazungusha sabuni, wakaenda kitanda kinachofuata.

Kitanda cha sita alilala mshonaji mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Cherehani, ambaye alianguka ngazi akavunjika nyonga. Alikuwa amelala mahali pengine miezi miwili kabla ya kuletwa kwetu, na huko walimpa kidonda cha kulalia ambacho ungeweza kuingiza yai ndani yake. Masista walikuwa wamekihangaikia wiki tisa kikafunga. Ngozi yake mpya ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kidonda kilikuwa upande wa mlango. Kitambaa chake kilipaswa kuwa kwenye picha ya mlango, kuzuia asilazwe huko. Kwa hiyo akageuziwa mlangoni, akalalia kidonda chake saa mbili nzima, na hakusema neno kwa sababu alidhani daktari ndiye aliyeamua.

Saa sita walipomgeuza, shuka ilikuwa na damu.

Sista Mkubwa alitembea katikati ya vitanda akitazama sabuni moja baada ya nyingine. Akarudi pale niliposimama na ndoo yangu.

"Nani ameziosha hizi?"

"Mimi, Sista."

"Umeziosha vizuri," alisema. "Njoo ulale."

Nilidhani sikusikia. Akanionyesha kitanda kitupu cha mwisho. Nikavua viatu nikalala, akanigeuza ubavu kuelekea mlango, akaninyoosha mkono, akaniambia nisisogeze hata kidole mpaka kengele ilie tena. Wagonjwa wote walikuwa wananitazama. Mmoja akauliza kama mfagizi naye anaumwa nini, mwingine akamjibu, "Anaumwa usafi."

Robo saa ya kwanza niliona aibu tu. Baadaye nikasahau aibu. Mfupa wa nyonga ukaanza kunitafuta. Kwanza ilikuwa joto, halafu ganzi, halafu kama kuna mtu amewasha kiberiti chini ya godoro. Sikio nililolilalia likawaka. Nzi akatua shavuni akatembea alivyotaka. Nilikuwa na miaka kumi na saba na afya ya punda, na ilipolia kengele ya saa nane nilikuwa nalia machozi bila sauti.

Sista akaniinua yeye mwenyewe. "Sasa niambie. Kitambaa kile ni cha nini?"

"Kinasema hapa panauma, Sista."

"Kinasema kwa niaba ya nani?"

"Ya aliyelala."

"Basi." Akanipangusa uso kwa kona ya aproni yake. "Nenda kamwambie Mama Cherehani ni wewe. Halafu kila kidonda chake kikisafishwa, wewe ndiye utashika beseni, mpaka kifunge."

Shangazi alipopata habari alisema mbele ya wafuaji wenzake, "Nimeomba kazi kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, kumbe nimeleta mtu wa kuosha sabuni kwa sabuni." Wakacheka mpaka maji ya beseni yakatikisika. Jioni lakini, tukirudi nyumbani, akaniambia kwa sauti nyingine: "Angekuwa mwingine angekufukuza. Usisahau."

Sikusahau.

Kidonda kilichukua siku arobaini na moja kufunga tena. Asubuhi na jioni nilishika beseni. Mama Cherehani alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Akiniona naingia alisema, "Ndoo, umekuja kuniosha? Leo niachie uchafu wangu, tumezoeana." Jina la Ndoo likanishika hapohapo, na wodi nzima ikaliokota. Wiki ya tatu aliacha kunipiga maneno, akawa ananiuliza nimekula nini. Alipoanza kukaa akanishonea aproni yenye mifuko miwili, akiwa kitandani, kwa mkono. Ninayo hadi leo.

Na ni katika siku zile za beseni ndipo Sista Mkubwa alipokuwa akinisimulia. Mikono yake ilifanya kazi na mdomo wake ulisimulia, polepole, kana kwamba anamwambia mgonjwa ili asisikie maumivu. Pengine ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilikuwa nadokoa tu.

Masista wa kwanza walikuwa watatu, alisema, nao walipewa ghala la nafaka. Hapakuwa na vitanda. Waliwalaza watu kwenye mikeka upande mmoja, wao wakalala upande wa pili, katikati pazia la shuka. Daktari alifika mara moja kwa mwezi, akipata usafiri. Siku nyingine zote walikuwa wao, maji ya moto, na mikono. Walikuwa hawajui lugha ya watu, na wasaidizi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo mmoja wa wale watatu akavunja makasha waliyokuja nayo, akachonga mbao zile picha. Kulia na kushoto vilikuwa vinawachanganya, maana safu mbili za wagonjwa zinatazamana. Dirisha na mlango havimchanganyi mtu.

"Kwa hiyo sabuni zile ni makasha yao?" niliuliza.

"Nyingi. Ukinusa vizuri bado zina harufu ya safari. Au zilikuwa nayo," akasema bila kunitazama, "kabla hazijapigwa brashi."

Kengele nayo ina kisa chake. Watu wa mjini walikuwa wakisema masista wale wanasali mchana kutwa kama watu wasio na kazi. Ukweli ni kwamba sala zilikuwa na kengele zake chache, na zilizobaki zote zilikuwa za migongo. Padri mmoja aliwahi kulalamika kwamba masista wanachelewa kanisani. Mkubwa wao akamjibu, kwa heshima zote, kwamba Mungu hana vidonda vya kulalia na anaweza kungoja dakika kumi.

Lakini kisa nilichokipenda zaidi kilikuwa cha mfuaji. Masista wale watatu walifundishwa kwao kwamba kidonda cha kulalia huanza na wekundu: ukiona wekundu, muondoe mtu upande ule upesi. Wakaja kwetu, wakawa wanatafuta wekundu kwenye migongo yetu. Hawakuuona. Waliandika kwenye vitabu vyao kwamba mgongo ni mzuri, na kesho yake ngozi inaachia. Walipoteza watu hivyo, mwaka mzima, wakidhani ni hali ya hewa. Mpaka siku moja mwanamke aliyekuwa akiwafulia shuka, mjane, akamuuliza sista mchongaji kwa ishara: mbona mnatazama? Akageuza mkono wake, akaupitisha kwa mgongo wa kiganja, taratibu, kutoka begani hadi kiunoni kwa mgonjwa, akasimama mahali. Akauchukua mkono wa sista akauweka palepale. Palikuwa pa moto kama mkate.

"Kiganja cha mfuaji kimekufa kwa sabuni na majivu," Sista Mkubwa akaniambia. "Mgongo wa mkono ndio uliombakia wa kuhisia. Yule mama hakujua kwamba anafundisha. Alikuwa anashangaa tu kwamba watu wenye vitabu hawajui." Akanishika mkono wangu, akaugeuza, akaupitisha kwenye mgongo wa Mama Cherehani. "Hapa ni vipi?"

"Pamepoa."

"Na hapa?"

"Pana joto kidogo. Na pamekaza."

"Hapo ndipo tunapopaogopa. Sasa unajua anachojua sista mwenye miaka thelathini ya kazi. Kamwage beseni."

Ilipita miaka minne. Masista wawili walizikwa nyuma ya kanisa dogo, wa tatu alihamishwa mbali. Wasichana wapya hawakuja tena kujiunga nao kama zamani, na hospitali ikakabidhiwa kwa wenye mamlaka mengine. Hakukuwa na ugomvi. Walikuja watu kwa magari mawili, wakatia saini, wakanywa soda. Sista Mkubwa akabaki peke yake katika kile chumba kidogo kando ya kanisa, amestaafu, akija wodini mchana kukaa na wagonjwa wasio na ndugu.

Tukaletewa muuguzi mkuu mpya. Alikuwa kijana mwenye kalamu nne mfukoni, nyeusi mbili, nyekundu moja, ya kijani moja, na wagonjwa wakamwita Bwana Kalamu kabla hajamaliza kujitambulisha. Hakuwa mtu mbaya, niseme mapema. Alifanya kazi mpaka mashati yake yakapauka kwapani. Ila alikuta wauguzi wawili kwa zamu kwa vitanda ishirini na viwili, akaleta chati za karatasi, nzuri, zenye masaa yote na mahali pa kutia saini. Sabuni akaagiza zitolewe. Mbao zinafuga wadudu, alisema, na hilo siwezi kubisha. Kanisa likafungwa kufuli. Kengele ikanyamaza, na hakuna aliyejua kwamba na kile ilichokuwa inakumbusha kimenyamaza pamoja nayo. Chati zilijazwa zote jioni kwa mkupuo, kwa kalamu moja.

Asubuhi moja Sista Mkubwa hakufika kwenye chai. Shangazi ndiye aliyemkuta sakafuni. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia na maneno karibu yote.

Wakamlaza kitanda cha sita, kilekile cha Mama Cherehani. Daktari akampima, akasimama na Bwana Kalamu karibu na ndoo yangu. Watu husema lolote karibu na ndoo. "Kiharusi chenyewe kinaweza kumuachia," alisema daktari. "Lakini ana sukari, na amekonda. Kikifunguka kidonda mgongoni kwake sitakuwa na la kufanya. Hatafika mwisho wa mwezi. Ageuzwe." Bwana Kalamu akaandika AGEUZWE kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Nilikuwa nafagia, kwa hiyo nilikuwa nahesabu. Siku ya kwanza aligeuzwa mara tatu. Siku ya pili mara mbili. Aliletwa mzazi aliyepasuka kizazi, na wauguzi wote wawili walikimbilia huko. Siku ya tatu, nikibadilisha shuka yake pamoja na muuguzi, nikapitisha mgongo wa mkono wangu kiunoni kwake, pale mfupa wa chini unapochungulia.

Palikuwa pa moto kama mkate.

Sikuwa na cheo cha kusema. Nikaenda nikasimama mbele ya meza ya Bwana Kalamu mpaka akaniona.

"Ndiyo, Ndoo."

"Mkuu, mgongo wa Sista unaanza."

"Unaanza nini?"

"Kidonda."

Alichoka na mimi palepale, nikaona. Lakini aliinuka. Alivaa glavu, akachukua tochi, akamgeuza Sista kwa upole, akamulika. Alimulika muda mrefu, kwa haki. "Hakuna wekundu," alisema. "Ngozi ni nzima. Angalia mwenyewe. Na nimeandika hapa asubuhi: hakuna wekundu."

"Hautakuwepo, Mkuu. Wekundu kwetu unakuja ukiwa umechelewa."

"Ulisomea wapi, dada?"

Nilisomea kwenye beseni, nikataka kumwambia. Nikasema, "Vua glavu, Mkuu. Geuza mkono, weka hapa."

Kitanda cha saba mama mmoja aliyekuwa akinywa uji akaacha kijiko hewani. Bwana Kalamu akanitazama, akamtazama Sista. Jicho la Sista lililo zima lilikuwa limemkazia, na ninavyolijua jicho lile, hata daktari angevua glavu. Akavua. Akageuza mkono wake, akaushusha begani, katikati ya mgongo, kiunoni. Akasimama. Akaurudisha juu, akashusha tena. Akasimama palepale.

Akazima tochi. Halafu akauliza, sauti yake ikiwa imeshuka, "Nani alikufundisha hivi?"

Nikaelekeza kidevu kitandani. "Yeye. Na yeye alifundishwa na aliyefundishwa na mfuaji."

"Nina wauguzi wawili," alisema, na safari hii hakuwa ananikemea. Alikuwa ananiambia tu, kama mtu anavyomwambia mwenzake. "Wawili, Ndoo. Nikigawanya masaa yao hayatoshi hata nikiyavuta."

"Kumgeuza kunataka watu wawili, mmoja akiwa anajua. Mimi nipo. Shangazi yupo. Tutamfuata muuguzi, hatutafanya peke yetu."

"Na mtajua saa ngapi? Kengele mmeshanyang'anywa."

Ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa ameliona pengo la kengele.

Nikaenda kutafuta sabuni. Stoo walisema zilitupwa. Nikamuuliza shangazi. Shangazi akajifanya hajasikia, akaendelea kukamua, mpaka nikamuuliza mara ya pili. "Moja imezuia mlango wa chumba cha pasi," alisema, "na nyingine nne tunasugulia kola. Usinitazame hivyo. Ziliwekwa kwenye moto wa jikoni, mimi nikaokoa nilizoweza, kumi na moja mbali na hizo. Ungetaka niseme kwa nani?" Akafungua kabati la shuka. Zilikuwa zimefungwa kwenye foronya kama vikombe vya wageni.

Niliichukua moja tu. Niliichemsha kwa ajili ya wadudu wa Bwana Kalamu, nikaikausha, nikaifunga kitanda cha sita. Kitambaa cheupe nikakibana kwenye picha ya dari: mgongo marufuku. Dirisha, mlango, dirisha, mlango. Na kwa kuwa kengele haikuwepo, kila baada ya saa mbili niligonga ndoo yangu mara tatu kwa mpini wa brashi.

Siku ya kwanza ya ndoo wodi ilicheka. "Ndoo inalia, amkeni tusali," akasema wa kitanda cha saba. Tukamgeuza Sista: muuguzi kichwani, shangazi miguuni, mimi katikati nikishika shuka. Nilipitisha mkono. Moto.

Siku ya pili, moto, na pamekaza zaidi. Rangi ikaanza kuwa ya zambarau iliyokolea, na sasa hata tochi iliona. Daktari akabinua midomo. Bwana Kalamu alikuja kila ndoo ilipolia, glavu mfukoni, akapitisha mkono wake mwenyewe. Muuguzi wa usiku nilimshikisha sabuni palepale kitandani kabla sijaondoka, nikamwonyesha kitambaa, akacheka, lakini asubuhi niliikuta imezungushwa inavyotakiwa.

Siku ya tatu kulitokea lengelenge dogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Nilipoliona nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Shangazi akanifuata na beseni lake. "Mbona umekaa? Saa nane hiyo."

"Limeshatokea, shangazi."

"Limetokea, halijapasuka. Umeshamzika? Inuka ugonge ndoo."

Nikainuka nikagonga. Tulimgeuza hivyo mpaka nikaacha kuhesabu siku kwa majina yake, nikawa nahesabu kwa sabuni. Katika siku hizo kitu kingine kikatokea ambacho sikukipanga. Yule wa kitanda cha saba, aliyekuwa anacheka, ndoo ilipolia alisema, "Na mimi je? Mgongo wangu wa nani?" Binti yake aliyekuja kumwona akatuangalia tulivyokuwa tunashika shuka, akamgeuza. Kesho yake kitanda cha kumi nacho kikadai. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kusimama ndoo ikilia. Shangazi akaleta foronya yake yote, kumi zilizobaki, tukazifunga kwa wale wasioweza kusema. Bwana Kalamu akapita akaziona. Akachukua kalamu ya kijani, akaandika juu kabisa ya chati, mbele ya sehemu ya wekundu, maneno haya: *joto kwa mgongo wa mkono*. Kisha akapiga mstari.

Siku ya saba lengelenge lilikuwa limelala, limekauka kama ngozi ya maziwa. Siku ya kumi na moja nilishusha mkono wangu begani, katikati, kiunoni, nikapita. Sikusimama. Nikarudi kuhakikisha, kwa sababu sikuamini. Nikamwita Bwana Kalamu. Naye akashusha mkono, naye akapita.

"Unahisi nini?" nilimuuliza, kama nilivyoulizwa mimi.

"Sihisi kitu," alisema. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata cheti. "Pamepoa."

Daktari aliruhusu kiti wiki iliyofuata. Walikuja kumsaidia watu wengi kuliko waliohitajika, hata Mama Cherehani, ambaye alipata habari mjini akaja na fimbo yake na mto alioushona wenye shimo katikati, maalumu kwa kukalia. "Nimepima kwa kumbukumbu," alisema. "Sehemu hiyo naijua kuliko sura yangu." Tukamwinua Sista, tukamzungusha, tukamkalisha taratibu akitazama dirisha. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Wodi ilikuwa na kimya kile cha zamani, cha kumsikiliza.

Nikapiga magoti miguuni pa kitanda, nikazungusha sabuni. Upande wa kiti ulikuwa bado una makali ya kisu na rangi ya mbao mpya. Kwenye sabuni zote ndio upande ulioguswa kidogo kuliko pande nyingine. Nikautazamisha nje.

Nilitaka kumwambia asante. Nilikuwa nimeipanga kwa siku nyingi, maneno mengi tu, kuanzia ile siku aliyoniambia njoo ulale. Nilipoinuka mbele yake, hakuningoja nianze. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Akaugeuza. Akaniwekea mgongo wa mkono shavuni, akausogeza taratibu mpaka kidevuni, akisikiliza, kama kazi.

"Pa... mepoa," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza zima tangu aanguke. Mama Cherehani akajifanya anarekebisha mto. Mimi nikasimama pale na shavu langu, sijui kwa muda gani, mpaka nikasikia Bwana Kalamu kutoka mezani kwake akiuliza, bila kuinua kichwa kwenye chati:

"Ndoo, saa nne hiyo. Mbona sisikii?"

Nikachukua brashi, nikagonga mara tatu, na mwisho hadi mwisho wa wodi viti vikasogea, watu wakasimama.